Baiti Mbili za Bure

Mama yangu amewaambia watu wote wa Ilula kwamba mwanawe ni dereva. Simlaumu. Nilipopata kazi Mbeya nilimweleza kuwa naandika draiva za kadi za mtandao, na yeye, akiwa amekaa nyuma ya matenga yake ya nyanya kando ya barabara kuu, akachukua neno moja alilolielewa, mengine akaniachia mwenyewe. Tangu hapo kila nikienda kusalimia nakuta mtu ana mzigo. "Kamwene, dereva wetu. Gari umeliacha wapi?" Jirani mmoja aliwahi kunisubiri na magunia ya vitunguu tangu asubuhi. Kwa aibu nikamsaidia kuyapakia kwenye fuso la mtu mwingine.

Draiva ninazoandika ni programu ndogo zinazokaa kati ya kompyuta na kile kipande chake cha kupokea mtandao. Pakiti ya data ikifika, draiva ndiyo inayoonyesha iwekwe wapi. Hapo pa kuwekwa panaitwa bafa: sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa mapema, ipo tupu, inasubiri. Kazi yenyewe ni hiyo. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo. Ukiifanya vibaya, bosi anapigiwa simu.

Ofisi yetu ipo Iyunga, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kampuni inatengeneza viboksi vya intaneti kwa ajili ya shule na zahanati. Nikisema inatengeneza, maana yangu ni kwamba viboksi vinakuja vimekamilika kutoka China, sisi tunaweka programu yetu ndani na stika yetu nje. Kati ya hivyo viwili, bosi anaipenda zaidi stika. Wa programu tulikuwa wawili tu: mimi ninayeandika, na dada mmoja anayejaribu nilichoandika na kuniambia kilivyo kibovu. Huyo dada ni mtu wa Mbeya, babu yake alitoka Pwani na marobota ya kanga akaweka duka, na ukoo mzima bado unauza vitambaa isipokuwa yeye. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, na mimi si mpole.

Mambo yalianza bosi alipokwenda kwenye semina. Sijui walimfundisha nini huko, ila alirudi na neno "upotevu" kama mtu aliyerudi na malaria. Kwanza upotevu ulionekana kwenye taa za korido. Kisha kwenye chai: sukari ikahamia ofisini kwake, na vikombe vikapunguzwa, ikawa anayechelewa anangoja mwenzake amalize. Vilipokwisha vitu vya kupunguza kwa macho, akaona sasa upotevu utafutwe ndani ya programu. Akamwita mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Mtaalamu tulitakiwa kumwita Injinia. Alishuka Mbeya mwezi Juni akiwa na suti nyembamba ya buluu na viatu vya ncha, bila soksi. Wanaoijua Juni ya Mbeya wanajua kilichofuata. Kufikia saa nne alikuwa anatetemeka hadi kipanya kinacheza mezani, na mlinzi wetu, kwa huruma, akamvua mgeni aibu kwa kumvika koti lake. Kwa hiyo mafunzo ya ufanisi tuliyapokea kutoka kwa mtu aliyeandikwa ULINZI mgongoni.

Alifungua draiva yangu ukutani kwa projekta, akashuka mstari kwa mstari, akitikisa kichwa kama daktari anayetazama eksirei ya mtu asiye na bima. Akasimama mahali fulani.

"Hizi baiti mbili hapa mwanzoni mwa bafa zinabeba nini?"

"Hazibebi kitu," nikasema.

Hapo nilijimaliza. Bosi aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Hazibebi kitu?"

"Hazibebi, bosi, ila zinasogeza..."

"Subiri kijana. Kila bafa ina baiti mbili ambazo hazibebi kitu?"

Nikaanza kueleza. Naomba nieleze na hapa, maana siku ile hakuna aliyenisikiliza mpaka mwisho. Prosesa ya viboksi vyetu ni ya bei rahisi na inasoma kumbukumbu kwa mafungu ya baiti nne nne. Namba kubwa lazima ianzie mwanzo wa fungu. Ikianzia katikati, prosesa inasimama, inalalamika, na programu nyingine inaitwa kuja kuokota vipande na kuviunganisha. Sasa, kila pakiti inayofika ina kichwa cha baiti kumi na nne. Kumi na nne haigawanyiki kwa nne. Kwa hiyo anwani zote zinazofuata baada ya kichwa zinaangukia katikati ya fungu, pakiti baada ya pakiti. Dawa yake ni ya siku nyingi na inajulikana: unaacha baiti mbili tupu mbele, kichwa kinasogea, kumi na nne inakuwa kumi na sita, na kila namba inakaa mahali pake.

Nilipofika kwenye kumi na nne, bosi alipokea simu. Aliporudi, Injinia alikuwa tayari na jibu.

"Hayo ni mambo ya kizamani," alisema, akijikunja ndani ya koti. "Prosesa za siku hizi hazina shida hiyo."

Bosi alikuwa ameshatoa kikokotoo. Akazidisha mbili kwa idadi ya pakiti ambazo mtu wa semina alimwambia zinapita kwenye mtandao kwa siku, ikatoka namba ndefu hadi akageuza simu upande ili ienee. "Mnaona?" akasema. "Mnaona mnavyoniua?"

"Bosi, bafa zinatumika tena na tena," yule dada akasema. "Ni kama vikombe vya chai. Haziongezeki kwa sababu wanywaji ni wengi."

"Na vikombe vilikuwa vingi mno," bosi akajibu.

Baiti mbili zikafutwa. Nilizifuta mwenyewe, kwa vidole vyangu, huku wote wakinitazama ukutani. Dada akaomba angalau tujaribu programu mpya kwenye kiboksi halisi kabla ya kuituma kwa wateja. Injinia akaweka laptopu yake mezani. "Tujaribu hapa. Prosesa ni prosesa." Prosesa ya laptopu yake ilikuwa ya gharama, ya zile zinazosoma namba popote inapoanzia bila kununa. Kila kitu kikaenda vizuri. Bosi akapiga makofi. Jioni ile programu mpya ikatumwa kwenye viboksi vyote, na Injinia akapanda ndege Songwe akiwa amesahau kurudisha koti.

Sitajifanya nilihuzunika. Nilikaa nikingoja mabaya kama mtu anayengoja mechi ianze. Nilimwambia dada, "Wiki haiishi." Akaniuliza nafurahi nini wakati simu zitakuja kwangu.

Simu ya kwanza ilitoka Iringa, kwenye shule ya wasichana inayoendeshwa na masista, nje kidogo ya mji. Mkuu wa shule ni sista mzee anayeongea polepole sana, kila neno limenyooshwa kwa pasi.

"Mwanangu," aliniambia, "ninabofya asubuhi. Ninakwenda misa. Ninarudi, ninakuta bado inazunguka. Sasa niambie, niendelee kusali au niite fundi?"

Nilijua kinachotokea. Kila pakiti ilikuwa inakaa vibaya, kila mara prosesa inasimama kulalamika, na kiboksi kizima kilikuwa kinatumia nguvu zake kuokota vipande. Wasichana mia kadhaa wakifungua picha ya jani la mharagwe kwa somo la biolojia, kiboksi kinapata moto hadi paka wa sekretari akakihamia. Nikaenda kwa bosi nikasema: turudishe baiti mbili.

"Ni baridi," bosi akasema. "Iringa kuna baridi. Vifaa hivi vimetengenezwa China."

"China hakuna baridi?" dada akauliza.

Bosi akampigia Injinia. Injinia, kutoka kwenye joto la Dar, akasikiliza kwa dakika moja akatoa hukumu: radi. Nyanda za juu zina radi nyingi, kwa hiyo tatizo ni ulinzi wa radi. Haikusaidia kumwambia kwamba ni mwezi wa kiangazi na mawingu yenyewe yalikuwa likizo. Mafundi umeme walitumwa kwa masista, wakachimba mashimo marefu nyuma ya maabara na kusimika nondo za shaba, wakaondoka bila kufukia. Walichimba kwenye bustani ya maharage. Intaneti ikaendelea kuzunguka, na sasa sista alikuwa anapiga simu kuhusu vitu viwili.

Mwishowe bosi akachoka kupokea simu hizo akatutuma mimi na dada twende "tukatulize hali". Tulipanda basi alfajiri. Kufika Nyololo tulipita kwenye ukungu mzito kiasi cha kondakta kumuuliza abiria wa mbele kama anaona kitu. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Nilitaka kuwaeleza masista, kwa heshima lakini bila kumficha mtu, nani alikuwa sahihi.

Sista alitupokea mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Bwana asifiwe," nikajibu, maana mimi ni Mlutheri na ulimi ulijiendea.

"Milele na milele, amina," akasema dada pembeni yangu, amefunga hijabu yake vizuri, bila kusita. Alisoma kwa masista miaka yote ya sekondari. Sista akamtazama, akanitazama, akamshika yeye mkono, na tangu hapo maswali yote akawa anamuuliza yeye.

Kwenye chumba cha kompyuta walikuwepo walimu wawili na darasa zima la kidato cha tatu. Niliwaeleza habari ya mafungu ya nne, kichwa cha kumi na nne, nafasi ya mbili. Hawa walisikiliza mpaka mwisho. Watoto wa shule za masista hawana ruhusa ya kupokea simu. Nikawaambia kwamba kuna watu mjini walidhani nafasi tupu ni hasara, na kwamba sasa wataona wenyewe tofauti. Nikarudisha baiti mbili, nikaiwasha upya programu, nikakunja mikono.

Mtandao ukafa kabisa.

Haukuzunguka, haukuchelewa. Ulikufa. Taa ya kijani inawaka na hakuna kinachoingia. Nikaanza upya. Ukafa tena. Kidato cha tatu walijiziba midomo kwa madaftari.

"Angalau jana ilikuwa inazunguka," sista akasema.

Dada alikuwa ameinama chini ya meza. Nilidhani anatafuta waya. Alikuwa anacheka. Aliponyanyuka machozi yalikuwa yanamtoka na akaomba bisibisi.

Tulifungua kiboksi. Ndani, chipu ya mtandao haikuwa ile niliyoizoea. Viboksi vya masista vilitoka kwenye mzigo mpya, vikafungwa baada ya baiti zile kufutwa, na mwenye kiwanda alikuwa amebadilisha chipu bila kumwambia mtu, kwa kuwa naye, bila shaka, alikwenda semina. Chipu ya zamani ilikuwa inakubali kuweka pakiti popote unapoiambia. Hii mpya ilikataa. Yenyewe ilitaka bafa ianzie mwanzo wa fungu, na ukiipa anwani iliyosogezwa kwa mbili, inapuuza hizo mbili kimyakimya na kuweka pakiti pale inapopenda. Draiva yangu ikienda kusoma inakuta kila kitu kimepishana, kama mtu aliyekosea vifungo vya shati tangu cha juu.

Kwa hiyo prosesa inataka hivi, chipu inataka vile, na mimi nilikuwa nimetoa hotuba.

"Injinia alikosea," dada alinong'ona, "na wewe umekosea. Tofauti ni kwamba yeye alipata koti."

Mchana tulipewa ugali, maharage yaliyonusurika na nondo, na mboga ya maboga. Nilikula kidogo. Nilishauri tunakili kila pakiti kutoka bafa moja kwenda nyingine iliyokaa vizuri. Ingefanya kazi, lakini kwa mwendo wa konokono. Dada alikuwa ameshusha kwenye simu yake, kwa mtandao wa simu na si wetu, kitabu cha maelezo cha ile chipu. Ni kitabu kilichotafsiriwa kutoka Kichina na mtu aliyechukia lugha zote mbili. Aliendelea kukisoma gesti jioni, akaendelea wakati wa chai ya asubuhi, huku akichovya mandazi bila kuangalia kikombe.

"Kaka," akaniita, "sikia hii. 'Ikiwashwa, mbele ya kila pakiti huingizwa tupu mbili kwa furaha ya prosesa.'"

"Imeandikwa furaha?"

"Kwa furaha ya prosesa. Imeandikwa hivyo."

Ilikuwa swichi. Baiti moja tu ya mipangilio ndani ya chipu, ambayo ukiiwasha, chipu inaanza mwanzo wa fungu kama inavyotaka, inaandika yenyewe baiti mbili tupu, halafu ndiyo inaweka pakiti. Chipu inaridhika, prosesa inaridhika. Waliotengeneza chipu walijua shida hiyo, wakaweka dawa, kisha wakaificha kwenye ukurasa ambao ni mtu aliyelelewa kwenye duka la vitambaa, anayejua kupekua robota zima kutafuta doti moja, ndiye pekee angeweza kuufikia.

Tuliandika mstari mmoja. Kusema kweli aliandika yeye, mimi nilishika kebo. Tukawasha. Picha ya jani la mharagwe ikafunguka yote kwa mara moja, hadi msichana mmoja wa mbele akaruka kana kwamba jani limemtemea mate. Darasa likalipuka kwa kelele na mwalimu hakuwanyamazisha.

Sista aliingia, akabofya mwenyewe, akabofya tena. Kisha akamuuliza dada, "Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa nini?"

"Nafasi, Sista. Kulitakiwa kuwe na nafasi ndogo, wakaiziba."

"Na mashimo kwenye bustani yangu?"

"Hayo yalikuwa ya nini, kaka?" dada akanigeukia.

Nikasema yalikuwa ya radi. Sista akatazama dirishani, kwenye anga la buluu lisilo na hata pamba ya wingu, akatikisa kichwa polepole. Tulikaa mpaka saa tisa tukiyafukia.

Kurudi Iyunga tulikuta bosi ameshapigiwa simu na sista na ameshaamua kwamba ushindi ni wake. Alitaka aelezwe kwa kifupi. Dada akaeleza kwa kifupi: baiti mbili zimerudi, ila safari hii zinawekwa na chipu yenyewe.

Bosi akafikiri. "Bado hazibebi kitu?"

"Hazibebi kitu."

"Basi tuweke herufi za kampuni."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema kama lazima nafasi iwepo, basi isikae bure; itangaze. Tatizo likawa kwamba jina la kampuni lina maneno matatu na nafasi ni ya herufi mbili. Akapendekeza tuongeze baiti ya tatu. Dada akamweleza, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, kwamba tukiongeza moja tunarudi kule kule kwenye ukorofi. Asubuhi nzima bosi alikaa ofisini kwake akiwaza kama neno la katikati la kampuni yake ni la lazima. Saa sita akatoka akasema herufi ya kwanza na ya mwisho zinatosha.

"Zipo, bosi," dada akamwambia siku iliyofuata bila kupepesa jicho. Hazikuwepo. Chipu inaandika sifuri na haiulizi mtu.

Agosti kampuni ikapata banda kwenye maonyesho ya wakulima, kati ya wauza mbegu za mahindi na wauza dawa za kuku. Bosi alichapisha bango lenye picha yake: UBUNIFU WA BAITI MBILI. Mgeni rasmi alifika na msafara wake, akaoneshwa kiboksi, akakishika kama anayepima kitunguu.

"Kila pakiti inayotoka hapa Mbeya," bosi akamweleza, "imebeba herufi zetu, mheshimiwa."

"Zinafika hadi nje ya nchi?"

"Zinafika hadi Marekani, mheshimiwa."

Makofi. Ukweli ni kwamba zile baiti hazitoki hata nje ya kiboksi. Zinakaa kwenye bafa, pakiti inaondoka bila yao. Nilimtafuta dada kwa macho tucheke pamoja, lakini yeye alikuwa anamtazama mtu aliyesimama nyuma ya mgeni rasmi, akingoja zamu ya kuzungumza. Alikuwa Injinia. Alikuwa amealikwa kutoa mada kuhusu umuhimu wa kuacha nafasi katika mifumo ya kompyuta. Aliongea vizuri sana. Alitaja mafungu ya nne, alitaja kichwa cha kumi na nne, akasema wapo vijana wanaodhani nafasi tupu ni hasara. Safari hii alikuwa na koti lake mwenyewe.

Dada aliacha kazi kabla mvua hazijaanza. Masista walimwomba afundishe kompyuta, akakubali bila kuomba siku ya kufikiri. Siku ya mwisho nilimbebea boksi lake la vitu hadi stendi na nikajaribu kusema jambo fulani ambalo nilikuwa nimelipanga vizuri, lakini lilikuwa refu, na nilipokuwa bado kwenye utangulizi kondakta akapiga bodi na basi likaondoka. Akanipungia dirishani. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba wanafunzi wake wameandika draiva ndogo, ya majaribio, na ni safi kuliko zangu.

Mimi nimepandishwa cheo. Ni Mkuu wa Kitengo cha Ubunifu. Kitengo kina mtu mmoja. Meza ya pili, ile ya dada, bosi ameagiza iondolewe, kwa kuwa haina anayeikalia, na wabebaji walipokuja kuichukua niliwaambia wamekosea chumba. Wakaenda. Bado haijauliziwa.